Namba nyuma ya kanvasi: jinsi maisha ya mchoraji wa dhahania yanavyosomeka

Kwenye maonyesho ya sanaa Lubumbashi, mji wa Katanga kusini mwa Kongo, mtu akifika mbele ya mchoro wenye madoa matatu ya kijani na mstari mmoja mweusi, swali lake huwa lilelile: "Hii sasa ni nini?" Swali si la kijinga, ila limeelekezwa pasipo jibu. Tablo, yaani picha ya kawaida ya kuchorwa, ya soko la Kenya (mtaa wa mji huu), ya treni ya shaba au ya mamba-muntu, nguva wa hadithi, hujieleza yenyewe: ukiijua hadithi, umeijua picha. Mchoro wa dhahania, ambao wengine mjini huuita abstre, hauna hadithi iliyofichwa chini ya rangi ikingoja kufukuliwa. Ukimuuliza mchoraji alichora nini kabla ya huu, na kabla ya huo, ndipo mambo yanaanza kufunguka. Mchoro mmoja wa dhahania ni kama neno lililokatwa katikati ya mazungumzo. Kinachosomeka ni mfululizo.

Jambo hilo ndilo linalowachanganya watazamaji, na linawagharimu hata wachoraji wenyewe, maana anayeuza michoro yake mmojammoja bila kuiandika popote anauza pia uwezekano wa kueleweka. Kwa hiyo hapa tutaanza na maana ya dhahania, tupite kwenye maisha ya mchoraji mmoja, kisha tushuke kwenye mbao, kitambaa, rangi na bei, ambako kazi nyingi huharibikia.

Neno dhahania linabeba vitu viwili vinavyochanganywa kila siku. Cha kwanza ni kuondoa. Mchoraji anaanza na kitu kinachoonekana, mti kwa mfano, halafu anaondoa majani, anaondoa kivuli, anaondoa umbali, mpaka yanabaki matawi yaliyogeuka mistari. Mfano ulio wazi kabisa ni wa Piet Mondrian wa Uholanzi. Mti wake mwekundu alioanza mwaka 1908 bado ni mti ambao mtoto angeutambua. Mti wa kijivu wa 1911 una matawi yaliyojipinda na kujaza kanvasi nzima. Mti wa tufaha wa 1912 ni tao baada ya tao, na bila jina lake hungejua kuna mti. Ukiuona huo wa mwisho peke yake utasema mtu huyu hajui kuchora. Ukiiona yote mitatu ukutani, hakuna haja ya mtu kukueleza.

Cha pili ni kuanza bila kitu. Kazimir Malevich alipoonyesha mraba wake mweusi mwaka 1915 hakuwa ameondoa chochote kutoka kwenye nyumba au meza. Mraba ndio uliokuwa jambo lenyewe. Njia hii ni ngumu zaidi kuifuata kwa sababu mchoraji hana mti wa kumrudisha barabarani akipotea. Wanafunzi wengi wanaotaka kuanzia hapa huishia kupaka mapambo: rangi nzuri, hazigombani, hazisemi kitu. Anayeanza kwa kuondoa ana kipimo, kwa kuwa anajua alichoacha na anaweza kueleza kwa nini.

Kwa mtu wa Katanga ipo njia ya tatu, nayo ni ya zamani kuliko hao wote wa Ulaya. Lukasa ya Waluba ni ubao unaoshikwa mkononi, wenye shanga, makombe au pini za chuma zilizopangwa juu yake. Hakuna picha ya mfalme wala ya mto, ila mtu wa chama cha Mbudye, watunza historia wa Waluba, aliyefundwa aliweza kuushika kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha mkono wa kulia juu ya shanga, na kusimulia nasaba za wafalme, safari na mipaka ya nchi. Shanga kubwa iliyozungukwa na ndogo ilikuwa na maana yake, na mstari wa shanga ulikuwa na yake. Ubao huohuo uliweza kusomwa kwa namna tofauti kulingana na shughuli na wasikilizaji. Kwa hiyo anayesema dhahania ni mambo ya wazungu yaliyoletwa na ndege hajaitazama lukasa. Alichokuwa nacho msomaji wa lukasa, na sisi hatuna tukisimama mbele ya mchoro mmoja ukutani, ni mafunzo ya kujua alama hii imetanguliwa na ipi.

Halafu kuna Hangar. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés, aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi la majini, alifungua Hangar, atelie (karakana ya wachoraji) mjini Elisabethville, jina la Lubumbashi wakati ule. Hakuwapa wanafunzi picha za Ulaya wanakili. Alimwacha kila mmoja atafute mkono wake, na matokeo yalikuwa mikono mitatu ambayo mtu wa Lubumbashi angeitambua hata gizani. Bela alipaka kwa ncha za vidole, alama juu ya alama. Pilipili Mulongoy alijaza nafasi nyuma ya ndege na samaki wake kwa vitone na mistari midogo iliyopangwa kwa subira. Mwenze Kibwanga alijenga mwili wa mtu, wa mnyama na hata hewa inayowazunguka kwa mistari mifupi sambamba, kama ufumaji wa mkeka.

Hao watatu hawakuwa wachoraji wa dhahania. Chukua lakini picha ya mchoro wa Mwenze, ufunike swala aliyechorwa kwa kiganja, utazame kilichobaki. Ni mistari tu, mingi, yenye mwelekeo na mwendo, na inasimama bila swala. Romain-Desfossés alipofariki mwaka 1954, Hangar iliingizwa kwenye Akademi ya sanaa iliyoanzishwa na Laurent Moonens mwaka 1951, na Pilipili na Mwenze wakafundisha huko. Ndiyo maana mchoraji kijana wa mjini hapa anayejaza kanvasi kwa mistari sambamba asiambiwe anaiga New York. Ana babu wa karibu zaidi.

Tuje sasa kwenye maisha ya mtu mmoja. Ernest Mancoba alizaliwa mwaka 1904 Turffontein, Johannesburg, mtoto wa mfanyakazi wa migodi ya dhahabu, jambo ambalo mtoto wa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya migodi ya Katanga, hahitaji kufafanuliwa. Alisomea ualimu Grace Dieu, shule ya Kianglikana karibu na Pietersburg, na hapo ndipo alipojifunza kuchonga mbao. Mwaka 1929 alichonga Bikira Maria mwenye sura ya mwanamke Mwafrika. Kanisa lilikuwa limezoea Maria wa Ulaya, kwa hiyo hata kabla ya dhahania tayari kuna kitu alichokiondoa.

Mwaka 1936 serikali ilitaka mafundi weusi watengeneze vitu vya kuuziwa wageni kwenye Maonyesho ya Dola ya Uingereza mjini Johannesburg. Mancoba aliitiwa kazi hiyo, yenye mshahara, akaikataa. Watu huutaja uamuzi huu kama ushujaa wa kisiasa, na ulikuwa hivyo, ila kiufundi una maana nyingine pia: fundi wa zawadi za wageni hutakiwa kurudia umbo lililouzika jana, na mtu anayerudia hana mfululizo, ana nakala.

Mwaka 1938 alipanda meli kwenda Ulaya, akafika Paris. Huko alikutana na mchongaji wa Denmark, Sonja Ferlov. Vita vilipozuka na Wajerumani wakaikalia Ufaransa, Mancoba alikamatwa mwaka 1940 kwa kuwa alihesabiwa raia wa Uingereza, akawekwa kambini Saint-Denis mpaka 1944. Walioana mwaka 1942, yeye akiwa bado mfungwa. Mchoro wake wa rangi ya mafuta wa mwaka 1940, ulioitwa tu Mpangilio, ndio mhimili wa kila maelezo juu yake. Katikati kuna umbo lenye pembe kali, linalokumbusha barakoa, limekatwa katika vipande vya rangi. Uso bado upo, lakini umeanza kugeuka kuwa ishara.

Mwaka 1947 familia, pamoja na mtoto wao Wonga aliyezaliwa 1946, ilihamia Denmark. Mwaka uliofuata kikundi cha CoBrA kilizaliwa, jina lililoungwa kutoka Copenhagen, Brussels na Amsterdam. Mancoba alishiriki maonyesho yao, ila katika historia zilizoandikwa baadaye jina lake lilitajwa pembeni au halikutajwa kabisa. Sababu moja ni rangi ya ngozi yake, hakuna haja ya kuzungukazunguka. Nyingine ni kwamba kazi alizokuwa nazo wakati huo zilikuwa chache, na mwandishi wa historia akikosa mfululizo wa kuweka mezani humpita mtu huyo akaenda kwa mwenye michoro arobaini. Mwaka 1952 walirudi Ufaransa, kwanza kijijini Oigny-en-Valois, na mwaka 1961 akapata uraia wa nchi hiyo.

Sehemu inayofundisha zaidi ni miaka arobaini iliyofuata. Mancoba alichora umbo lilelile tena na tena: kiwiliwili kimoja kilichosimama wima katikati, chenye kichwa kinachokumbusha masanamu ya Wakota wa Gabon yanayolinda mabaki ya wahenga. Katika michoro ya mwanzo unamwona mtu. Baadaye unaona mgongo na mabega, vilivyojengwa kwa mipigo ya brashi yenye mianya katikati. Baadaye zaidi mipigo inaachana, nyeupe ya kanvasi inaingia, na jicho lako ndilo linalomsimamisha mtu yule kwa sababu limemzoea. Uzeeni alifika kwenye karatasi zenye alama tu, kama mwandiko wa lugha ambayo hakuna aliyeifundishwa. Weka moja ya karatasi hizo mbele ya mtu asiyejua kilichotangulia, atauliza "Hii sasa ni nini?" Aliyefuata tangu 1940 anauona mgongo ule.

Nyumbani kwao alipata maonyesho makubwa mwaka 1994 tu, katika jumba la sanaa la Johannesburg, akiwa na miaka 90. Alifariki mwaka 2002. Centre Pompidou ya Paris ilimwekea maonyesho mwaka 2019.

Mtu anaweza kusema hayo ni ya Paris na Lubumbashi ni kwingine. Basi tuanze na mbao. Dhahania ina ubaya mmoja ambao wachoraji wa picha za kawaida hawaujui vizuri: haina pa kuficha kosa. Kanvasi ikipinda kidogo chini ya picha ya kijiji, jicho linaangalia kijiji. Ikipinda chini ya doa moja la bluu lenye upana wa sentimita 80, jicho halina pengine pa kwenda.

Fremu ya ndani inayokaza kitambaa, ambayo mafundi huiita shasi, itengenezwe kwa mbao iliyokauka kweli. Mbao iliyonunuliwa Januari mvua ikinyesha, ikikatwa na kupigiliwa wiki hiyohiyo, itajipinda ifikapo Julai hewa ikiwa kavu. Inunuliwe mapema, ilazwe ndani kwa miezi miwili au mitatu, juu ya vipande vinavyoruhusu hewa kupita chini. Kwa mchoro wa sentimita 100 kwa 80, mti wa sentimita 2 kwa 4 unatosha, na upande wowote unaopita sentimita 80 uwekewe mhimili wa katikati. Ukingo wa mbele wa mbao urandwe uwe mteremko kuelekea ndani ili kitambaa kiguse mbao kwenye ukingo wa nje tu. Usipofanya hivyo, mstari wa mbao utajitokeza upande wa mbele baada ya muda, na kwenye doa la rangi moja utaonekana kama kovu.

Kitambaa: wachoraji wa zamani wa mji huu, Tshibumba Kanda-Matulu akiwamo, walitumia kitambaa cha magunia ya unga. Wakati ule gunia lilikuwa la pamba. Magunia ya sasa mengi ni ya plastiki iliyofumwa, na rangi yoyote ya maji juu yake itabanduka kama ganda la kitunguu, hata upake msingi mara ngapi. Amerikani nzito isiyopaushwa inafaa, mradi ifuliwe kwanza kwa maji ya moto iondoke wanga na imalize kusinyaa. Kata kitambaa kikubwa kuliko fremu kwa sentimita 6 kila upande. Pigilia pini ya kwanza katikati ya upande mmoja, ya pili katikati ya upande wa pili unaoutazama, kisha pande mbili zilizobaki, halafu uende kutoka katikati kuelekea pembeni, pini kila sentimita 5. Anayeanzia pembeni hupata mikunjo ya mshazari ambayo hakuna maji wala pasi itakayoinyoosha.

Rangi ya msingi ipakwe mara tatu, nyembamba, kila mpako ukipita kinyume cha uliotangulia: wa kwanza wima, wa pili mlalo. Kati ya mpako na mpako piga msasa namba 220. Wengi hupunguza gharama kwa kupaka rangi nyeupe ya ukuta. Kwa zoezi haina neno. Kwa kazi ya kuuza ni deni, kwa sababu rangi ya ukuta ya bei ya chini ina chokaa nyingi na gundi kidogo, nayo haikutengenezwa kwa kitambaa kinachotikisika. Ukiizungusha kanvasi hiyo iwe bomba ili isafiri, inapasuka nyufa ndogondogo mahali pote.

Akriliki ndiyo rangi ya wengi sasa, inaingia kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na kwa mizigo ya ndege. Faida yake ni kukauka upesi. Hatari yake Lubumbashi ni mwezi wa Juni na Julai. Mji uko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,200, na usiku wa kipupwe joto hushuka chini ya nyuzi 10. Akriliki hukauka kwa chembechembe zake za gundi kukaribiana na kuungana maji yanapoondoka. Chini ya takriban nyuzi 10 haziungani. Mchoro utaonekana umekauka, ila ukipitisha kidole unatoa vumbi la rangi. Mchoraji hulaumu chapa ya rangi, kumbe kosa ni kupaka saa moja asubuhi. Subiri mpaka saa nne, maliza kabla ya saa kumi, na kanvasi isilale varandani.

Kosa jingine ni maji. Anayetaka rangi nyembamba kama chai huongeza maji mpaka gundi inaisha nguvu. Maji yasizidi theluthi ya rangi. Ukitaka wepesi zaidi ya hapo ongeza mediamu ya akriliki, yaani gundi yake isiyo na rangi, si maji. Nalo vumbi jekundu la kiangazi lina kawaida ya kutua juu ya rangi mbichi: nyunyiza maji sakafuni nusu saa kabla ya kuanza, na usimame ukiuacha mlango mgongoni.

Kwa mistari iliyonyooka watu hutumia utepe wa karatasi, halafu wakiubandua wanakuta rangi imepenya chini na ukingo umekuwa kama msumeno. Dawa yake ni rahisi. Bandika utepe, usugue ukingo kwa ukucha, kisha pitisha juu ya ukingo huo rangi ileile iliyopo chini ya utepe. Itakayopenya ni hiyo, na haitaonekana. Ikikauka, paka rangi mpya, na ubandue utepe ingali na unyevu, ukiuvuta kuelekea nyuma juu ya wenyewe.

Wanaotumia rangi ya mafuta wanahitaji sheria moja kuliko zote: kila tabaka liwe na mafuta mengi kuliko lililo chini yake. Tabaka la juu likikauka mbele ya la chini, linapasuka la chini linapoendelea kujongea. Rangi nazo hazilingani: bluu ya kobalti hukauka haraka, nyeusi ya mifupa huchelewa. Uwanja mweusi wenye mafuta mengi uliofunikwa kwa nyeupe nyembamba baada ya siku tatu ni nyufa zinazosubiri tarehe. Rangi ya mafuta juu ya akriliki inakubalika. Akriliki juu ya mafuta haishiki. Vanishi ya mwisho ingoje miezi sita hadi kumi na miwili.

Kuhusu hiyo kobalti, kuna jambo la kuchekesha kama halingekuwa la kusikitisha. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, sehemu kubwa ikitoka Kolwezi na maeneo yanayoizunguka, nayo tubu ndogo ya bluu ya kobalti halisi ni kati ya rangi za bei ghali kabisa dukani. Wachache hugeukia malakiti, jiwe la kijani la shaba ambalo wachongaji wa hapa hulifanya vikuku na vumbi lake limejaa karakana zao. Linawezekana kuwa rangi, ila lina tabia yake: kadiri unavyolisaga laini ndivyo linavyopauka. Lisagwe lifanane na chumvi laini, lipepetwe, lioshwe kwa maji mara kadhaa mpaka maji yatoke safi, halafu lichanganywe na mediamu. Unga wake wa shaba usivutwe puani. Barakoa ni lazima, na kinu hicho kisirudi jikoni.

Baada ya hayo yote mchoro umekauka na mteja yuko mlangoni. Hapa ndipo mfululizo unapokatika mara nyingi zaidi.

Bei kwanza. Picha ya dhahania haiwezi kutozwa kwa wingi wa watu waliochorwa ndani yake, kama baadhi ya mafundi wa tablo wanavyofanya, na kuitoza kwa hisia huleta ugomvi. Njia inayotumika na wengi ni kujumlisha urefu na upana kwa sentimita, kisha kuzidisha kwa namba ya mchoraji. Mchoro wa 100 kwa 80 ukizidishwa kwa 2 ni dola 360. Wa 50 kwa 40 ni dola 180. Kwa nini isiwe eneo? Kwa sababu kwa eneo mchoro mkubwa ungekuwa na bei mara nne ya mdogo, na hakuna ambaye angeununua. Namba yako ipande kidogo baada ya maonyesho au mauzo mazuri, na isishuke kamwe. Ukimpunguzia mgeni mmoja nusu ya bei kwa kuwa kodi ya nyumba imefika, aliyenunua mwaka jana kwa bei kamili atasikia, mji huu si mkubwa hivyo. Ukibanwa, uza kazi ya karatasi, ambayo bei yake iko chini kihalali. Galeri nayo huchukua asilimia 30 hadi 50, na bei ya galeri na ya atelie lazima iwe moja.

Kisha maonyesho. Lubumbashi ina kumbi ambazo mchoraji wa dhahania anaweza kuzifikia: Institut français, Makumbusho ya Taifa, na Biennale, maonyesho ya kila miaka miwili yaliyoanzishwa na kituo cha sanaa kiitwacho Picha mwaka 2008. Hati ya kuomba nafasi isiwe na michoro kumi mizuri iliyookotwa huku na kule. Iwe na minane au kumi inayofuatana, ya mwaka mmoja au miwili, na picha mbili za zamani zinazoonyesha ilikotoka. Anayechagua kazi anaangalia kama mtu huyu ana mahali anapokwenda.

Hapa Tshibumba anatufundisha ingawa hakuchora dhahania hata siku moja. Alizaliwa mwaka 1947, na katika miaka ya 1970 alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian historia ya nchi katika michoro 101, akiieleza mmoja baada ya mwingine kwa Kiswahili cha Katanga huku maneno yake yakirekodiwa. Tangu mwaka 1981 hakusikika tena. Wachoraji wenzake wengi wa wakati ule wametawanyika kwenye kuta za Ulaya bila jina wala tarehe, lakini yeye anasomwa kwa kuwa michoro ile ilibaki pamoja, kwa mpangilio wake na kwa maneno yake.

Ambaye hana mwanaanthropolojia anahitaji daftari la kurasa mia. Kila mchoro unapata namba, mwaka kwanza: 2024-07 ni wa saba wa mwaka huo. Andika vipimo kwa kuanza na urefu wa wima, kitambaa, aina ya rangi na chapa yake, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, mchoro uliotangulia ambao huu umetoka kwake, aliyenunua, mwezi na bei. Namba hiyohiyo iandikwe nyuma, juu ya mbao kwa penseli laini na kwenye kitambaa kilichokunjwa pembeni. Kalamu ya wino mzito isitumike katikati ya kitambaa, maana wino hupenya taratibu na baada ya miaka unatokea mbele, katikati ya uwanja mweupe.

Piga picha kabla mchoro haujatoka nyumbani, hata kwa simu. Uweke kivulini nje, kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, simu ikiwa kwenye urefu wa katikati ya mchoro, umbali wa mita mbili au tatu, bila flashi, na karatasi nyeupe ikiwa pembeni ili rangi ziweze kusahihishwa baadaye. Jua la moja kwa moja huua kijani na kufanya nyeusi ing'ae. Nakala moja ya picha ibaki kwenye simu, nyingine kwa mtu unayemwamini katika nyumba tofauti, maana simu huibiwa na nyumba huvuja.

Mchoro ukisafiri, uvuliwe fremu na kuviringishwa upande wa rangi ukiwa nje, juu ya bomba lenye kipenyo cha sentimita 12 au zaidi. Watu wengi huukunja rangi ikiwa ndani wakidhani wanailinda, kumbe wanaibana. Karatasi ya kuokea mikate iguse rangi. Nailoni yenye mapovu isiiguse, kwa kuwa akriliki hulainika kwenye joto la kontena na mapovu yatachapika juu yake, duara baada ya duara.

Na kama kanvasi haikufaulu na unataka kuchora juu yake upya, jambo la kawaida kwa bei za vitambaa vya sasa, ipige picha kwanza hata kama unaichukia. Namba ya zamani nyuma isifutwe. Ikate kwa mstari mmoja, isomeke bado, na andika mpya chini yake.